Leo Hakuna Shikamoo

Siku nyani alipompora mzee Cornel rimoti ya king'amuzi, runinga ya nyumbani kwake Kilosa ilikuwa imesimama kwenye chaneli ya wanaume wanaovua samaki kwenye barafu. Nchi gani, hakuna aliyejua. Wanatoboa tundu kwenye barafu, wanateremsha mshipi, wanakaa juu ya ndoo, wanangoja. Ukizima king'amuzi ukawasha, wapo. Ukichomoa waya ukaenda sokoni ukarudi, wapo na ndoo zao. Na king'amuzi chenyewe hakikuwa na kitufe hata kimoja cha kubonyeza, kilikuwa na kitaa chekundu tu, kimekukodolea kama jicho la jogoo.

Basi siku kumi na moja nyumba nzima ikavua. Bi Verdiana, mkewe, alifika mahali akawajua wavuvi kwa sura. Alikuwepo mwenye ndevu, alikuwepo mnene anayepiga chafya, na alikuwepo mwenye kofia nyekundu, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwa amepata hata dagaa. Jirani yao Shamimu alipokuja kuomba kiberiti aliuliza kwanza habari za huko.

"Mwenye kofia amepata?"

"Hajapata," anajibu Bi Verdiana.

"Maskini wa Mungu," anasema Shamimu, ndipo anachukua kiberiti.

Habari ya nyani aliisimulia mzee Cornel mwenyewe, kwa hiyo kila mtu aliipokea kwa kiasi chake. Alikuwa amekwenda Mikumi kumpelekea fundi Evance ile rimoti, kwa sababu kitufe cha kubadilisha chaneli kilikuwa kimekufa. Alipofika akakaa kando ya barabara kuu apumzike, rimoti kwenye goti la kulia, andazi kwenye goti la kushoto. Nyani akaja. Akaliangalia andazi, akaiangalia rimoti, akachukua rimoti.

"Nyani aache andazi?" Bi Verdiana aliuliza.

"Ndicho kilichonishangaza hata mimi. Halafu akapanda juu ya kibao cha barabarani, akaielekeza kwenye lori la saruji, akabonyeza. Lori likasimama."

"Lilisimama kwa sababu pale kuna tuta."

"Tuta lipo mbele zaidi, mama. Mimi nilikuwepo."

Kwa kifupi, alirudi Kilosa na rimoti nyingine. Fundi Evance aliiita rimoti ya yunivaso, mzee Cornel njiani akaitafsiri ikawa rimoti ya ulimwengu, na hadi anashuka kwenye gari alishamwambia abiria wa kiti cha mbele kwamba ikielekezwa vizuri inafungua hata geti la stesheni.

Lakini rimoti ya ulimwengu haikijui king'amuzi chako mpaka uifundishe. Evance alimweleza akimshikilia bega, maana anamfahamu. "Mzee, sikiliza. Bonyeza hiki kitufe cha SET mpaka taa iwake isimame. Halafu shikilia kitufe chekundu. Shikilia, usiachie. Yenyewe itaanza kupitia namba, moja, mbili, tatu, mpaka huko mia tisa. Ikifika kwenye namba ya king'amuzi chako, king'amuzi kitazimika. Hapo hapo unaachia. Ukiachia kabla, imekula kwako, unaanza moja."

"Kushikilia," mzee Cornel alijibu, "unamfundisha nani?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mshika bendera kwenye stesheni ya reli ya Kilosa. Alishika bendera ya kijani, akashika nyekundu, kwenye mvua, kwenye mafuriko, na siku moja, kwa maneno yake, huku nyuki sabini na wawili wamemkalia mkono. Aliwahesabu.

Ila kuna jambo jingine alilojulikana nalo Kilosa nzima, nalo ndilo lililomponza. Mzee Cornel alikuwa mkali wa shikamoo. Hakutaka ile ya kutupiwa mtu akipita na baiskeli. Aliyetaka kumwamkia alipaswa asimame, aseme shikamoo yote bila kuimeza mwisho, atoe mkono wa kulia, na mkono ushikwe. Alikuwa akisimulia kwamba mwaka fulani aliizuia treni ya abiria dakika arobaini, bendera nyekundu juu, mpaka kijana mmoja wa behewa la tatu aliyempita bila salamu aliposhuka kuja kumwamkia. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mtaa mzima wa Mkwatani ulishanyooka. Hata wageni walikuwa wanaonywa kabla hawajafika kwenye kona yake.

Ikafika Jumamosi ya Naomi.

Naomi ni mjukuu wao, anaimba kwaya huko Berega. Kwaya yao ilikuwa imerekodiwa, na wimbo wao ungeonyeshwa Jumamosi hiyo saa kumi alasiri, mara moja tu, haurudiwi. Naomi alipiga simu kuwaambia. Bi Verdiana, ambaye ndiye aliyemlea yule mtoto na kumfundisha wimbo wake wa kwanza akiwa anamenya mihogo, aliweka simu chini, akaenda kuualika mtaa. Watu wa mbele walialikwa, wa nyuma wakaalikwa, na wengine wakajialika. Kwingine pa kutazama hapakuwepo: runinga ya Shamimu ilikuwa haina kifurushi, na ile ya baa ya stendi Jumamosi saa kumi ni mpira, ukigusa chaneli unatolewa nje na kiti chako.

Saa nane mchana Bi Verdiana akasimama mlangoni mwa sebule, mikono ina unga wa vitumbua mpaka kwenye viwiko.

"Baba Agnesi, ile kitu umeshaifundisha?"

"Bado robo saa."

"Ulisema robo saa jana. Sikiliza, baba. Nyani nimemkubali. Lori nimelikubali. Lakini Naomi akiimba huku mimi naangalia ndoo, sitakuuliza tena kitu chochote katika maisha yangu. Utakuwa unanisimulia, nami nitakuwa naitikia tu."

Mtu ambaye ameishi kwa kusimulia miaka arobaini na mke anayebisha, hakuna adhabu ya kumtisha kama kuitikiwa tu. Mzee Cornel akavuta stuli, akakaa mbele ya king'amuzi, akabonyeza SET, taa ikawaka ikasimama. Akakiweka kidole gumba juu ya kitufe chekundu, akakandamiza. Kitaa cha rimoti kikaanza kupepesa: moja, mbili, tatu. Kwenye skrini, mwenye kofia nyekundu akapuliza vidole vyake.

Dakika kama nane zikapita. Kidole kilikuwa imara. Ndipo Shamimu akaingia na chupa ya chai, akamwona mzee, akaweka chupa chini, akasimama wima kama anavyotakiwa.

"Shikamoo mzee Cornel." Na mkono huo.

Mkono wa kulia wa mzee Cornel ukanyanyuka wenyewe. Haukumwomba ruhusa. Ulikuwa umefanya hivyo tangu enzi za treni za makaa ya mawe, ukaenda ukaushika mkono wa Shamimu, na mdomo ukasema marahaba, na rimoti ikabaki mapajani, kitaa kimezimika.

"Mwenye kofia vipi?" Shamimu akauliza.

Mzee Cornel aliangalia mapaja yake. "Kaa tu, Shamimu," akasema. "Kaa pale mbali."

Akaanza moja.

Safari hii alikwenda dakika kumi na mbili. Jasho likamtoka kwenye kope. Akaingia Samson, dereva wa bodaboda, kaleta viti vya plastiki, vinne juu ya kichwa. Mzee Cornel akamwona kwa pembe ya jicho, akajifanya hamwoni. Samson akatua viti, akapangusa mkono kwenye suruali, akaunyoosha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alisema mzee Cornel bila kugeuka.

Samson hakuondoa mkono. Mwaka juzi alishawahi kusimamishwa juani nusu saa akifundishwa kwamba salamu bila mkono ni sawa na kikombe bila chai. "Mzee, mkono," akakumbusha kwa adabu.

"Nimeshaitikia."

"Mkono bado, mzee. Au nimekukosea?"

"Samson, nenda."

"Siwezi kwenda hivi, mzee wangu. Kama ni ile ya juzi kukupita na pikipiki, kweli nilikuwa na abiria wa hospitali. Nisamehe." Na akachuchumaa mbele yake, mkono bado umenyooka, kichwa kimekificha king'amuzi chote. Mzee Cornel alijaribu kukiona huku na huku, akashindwa. Akampa mkono. Kitaa kikazimika.

"Si uniachie mimi nishike?" Bi Verdiana aliuliza toka jikoni. "Mimi sisalimiwi kama gavana."

"Hii ni kazi ya mshika bendera," alisema mzee Cornel, ila sauti haikuwa ileile.

Akafikiri. Kwa kawaida fikra zake zikiwa nyingi hutoka hadithi, lakini safari hii likatoka tangazo. Akachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda, akaandika nyuma yake kwa maka peni, herufi kubwa, akaibandika mlangoni: LEO HAKUNA SHIKAMOO. Akarudi kwenye stuli, akabonyeza SET, akaanza moja kwa amani.

Samson akiwa anatoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisoma. Alilisoma mara mbili. Akawasha pikipiki akaenda stendi, akawaambia wenzake kwamba mzee Cornel leo hapokei shikamoo. Stendi wakasema haiwezekani, labda hawezi kupokea. Sokoni ikafika kwamba hawezi, mkono wa kulia umekataa. Ilipofika kwenye mashine ya kukoboa, mzee alikuwa amepooza upande mzima, na aliyeambiwa kwamba kidole gumba bado kinacheza alishukuru Mungu.

Saa tisa na nusu sebule ilikuwa imejaa watu wenye nyuso za msibani. Wengine walikuja na mkeka. Walikuwa wamesoma tangazo, wakaliheshimu: hawakusema shikamoo. Walisema pole. Na pole, kama unavyojua, ina mkono wake.

"Pole mzee."

"Sijaumwa."

"Ndivyo wanavyosema," mmoja akamnong'oneza mwenzake. Kidole gumba kikaachia. Akaanza moja. Pole nyingine. Akaanza moja. Halafu akaingia Filipo, mzee wa kanisa, rika lake, amebeba kitabu cha nyimbo. Salamu ya Filipo siku zote ni ndefu: anaukamata mkono, anauliza nyumbani, anauliza shamba, anauliza mifugo hata kama huna, na mkono wenyewe hauachii mpaka amalize. Akamwinamia mzee Cornel pale kwenye stuli, akauchukua mkono pamoja na rimoti yake, akakipapasa kidole gumba kwa huruma.

"Hiki ndicho kilichobaki?" akauliza.

"Filipo, niachie."

"Kinakaza," Filipo akawaambia watu. "Jamani, kinakaza. Tuimbe ubeti mmoja."

Wakaimba beti tatu. Bi Verdiana alitoka jikoni na sinia la vitumbua, akakuta mume wake anaombewa. Akaiangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na nane. Aliweka sinia chini, akasogea mbele ya runinga, akakaa mkekani, akaanza kumwangalia mwenye kofia nyekundu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukubali. "Endelea tu kunisimulia, baba," akasema taratibu. "Nakusikia."

Mzee Cornel akasimama juu ya stuli. Akawaambia watu wote kwamba hajapooza, haumwi, na hajafa, na kwamba atakayemtolea mkono kabla ya saa kumi hatamwamkia tena mpaka kiama. Wakatulia. Akashuka, akabonyeza SET, akakandamiza kitufe kwa kidole ambacho sasa hata yeye hakukisikia tena.

Kitaa kinapepesa. Saa kumi kasoro kumi. Kasoro tano. Mnene akapiga chafya kwenye barafu, mtu mmoja akasema "afya" kwa mazoea. Saa kumi kasoro dakika moja, mlango ukafunguka.

Aliingia Telele, mfugaji wa upande wa Malolo, rafiki yake wa zamani tangu siku ng'ombe wake walipolala relini na mzee Cornel akawapungia bendera ya kijani wapite. Nyuma yake alikuwa Neema, mke wa mwanawe, kaja na kibuyu cha maziwa ya kumpa mgonjwa nguvu. Telele hakutoa mkono, maana wale wa mlangoni walishamtahadharisha. Lakini Neema alimwona mzee, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya stuli, akakiinamisha kichwa chake chote, utosi ukamwelekea mzee Cornel, akatulia.

Kwao salamu ya mkubwa ni hiyo. Unaleta kichwa, mkubwa anakigusa kwa kiganja, basi, mmeonana. Asipokigusa, kichwa hakinyanyuki.

"Telele," mzee Cornel alisema kwa sauti ya chini, "hukusoma mlangoni?"

"Nimesomewa. Hakuna shikamoo." Telele akaegemea fimbo yake. "Huyu hajasema shikamoo. Ameleta kichwa."

"Mwambie ainue."

"Hakiwezi kuinuka hivi hivi. Mguse. Mkeo haioni runinga."

Na kweli, kichwa cha Neema kilikuwa katikati ya kila kitu. Saa ya ukutani ikagonga saa kumi. Mzee Cornel akamwangalia mkewe, akaangalia kile kichwa, na mara akili ikamjia: hii ndiyo salamu pekee duniani ambayo haiombi uachie kitu. Akaushusha mkono wake wa kulia taratibu, rimoti ikiwa ndani yake na kidole bado kimekandamiza, akauweka juu ya utosi wa Neema. Rimoti ikatulia pale kama bunduki kwenye kiguzo, jicho lake limekitazama king'amuzi sawasawa.

Wakati huo huo, kwenye skrini, mwenye kofia nyekundu akaruka kutoka kwenye ndoo. Mshipi ulikuwa umekaza. Ulikuwa unamvuta.

"Amepata," Shamimu akasema, akasimama. "Jamani, amepata, amepata, mzee usi—"

King'amuzi kikazimika. Skrini ikawa nyeusi tii.

Neema, aliyekwisha kuguswa na aliyekuwa hana habari na wavuvi, akakinyanyua kichwa chake juu, kama ilivyo haki yake. Utosi ukaisukuma rimoti, kidole gumba kikateleza, kikaachia. Hapo hapo.

Mzee Cornel akabonyeza kitufe chekundu mara moja tu. King'amuzi kikawaka. Akabonyeza namba ya chaneli kama Bi Verdiana alivyomwandikia nyuma ya bahasha siku Naomi alipopiga simu, na kanga za kwaya zikajaa sebule yote. Bi Verdiana alikuwa bado amekaa na utulivu wake ule, haujui pa kwenda. Kamera ikapita safu ya kwanza, ikapita ya pili, ikasimama kwa msichana mmoja mwenye shingo ndefu aliyekuwa anafumba macho kila akipandisha sauti, vile vile alivyokuwa anafumba akiwa na miaka mitano mbele ya karai la mihogo.

"Anafumba," Bi Verdiana alisema. "Nilimwambia asifumbe." Akajifuta uso kwa mkono, unga wote ukamwenea, akabaki mweupe kama aliyetoka mashineni. Filipo akataka kuimba naye, akafinywa.

Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Ulipokwisha tu, simu ikalia, na mzee Cornel akaipokea kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo babu."

Akavuta pumzi kutoka miguuni. "Marahaba," akasema, na wanaomfahamu wanaapa kwamba ile marahaba ilikuwa na irabu kumi na sita. "Marahaba mwanangu."

"Mmeniona?"

"Bibi yako amekuona. Mwulize yeye, maana mimi wananiona mwongo." Akampa simu Bi Verdiana, na Bi Verdiana akaanza kumgombeza Naomi kwa furaha habari ya kufumba macho.

Ikabaki sebule ya watu ishirini na wawili na vitumbua. Watu waliangaliana. Mwishowe Filipo akakohoa kidogo kwenye kitabu cha nyimbo.

"Mzee Cornel," akasema, "siyo kwa ubaya. Ungerudisha kule mara moja, tuone."

"Kule wapi?"

"Kwa mwenye kofia," akasema Shamimu, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

Mzee Cornel akarudisha. Chaneli ilifunguka vizuri, lakini wavuvi walikuwa wamekwenda. Kulikuwa na mwanamke anayeuza sufuria zisizoshika ukoko. Wakangoja nusu saa nzima. Sufuria tu. Sebule ikaingia msiba ambao mwanzo ulikuwa wa uongo.

"Alimpata," mzee Cornel akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama juu ya stuli tena, rimoti mfukoni, mikono miwili wazi kabisa, na kila mmoja ukaanza kusogea mbali na mwenzake, taratibu, ukapita upana wa kitumbua, ukapita upana wa sinia, mpaka wa kulia ukagusa pazia na wa kushoto ukamgusa Telele sikioni. "Hivi. Na mkia nje."

"Umemwona wapi, na chaneli ulishaifunga?" Bi Verdiana akauliza, simu bado sikioni.

Watu wanasema uso wa mzee Cornel uliwaka kuliko kitaa cha king'amuzi. Mkewe alikuwa amebisha.

"Sikumwona mimi, mama," akasema. "Lakini rimoti yetu iko Mikumi, na yule nyani hajabadilisha chaneli."